Zawadi Zisizouzwa Dukani

Jumamosi hiyo nilikuwa mnadani Msalato, hapa Dodoma, sio kule kwenye mbuzi na moshi wa nyama, upande wa mitumba, kwenye turubai ambalo muuzaji anasimama katikati ya rundo na kuimba bei mpaka sauti inakauka. Buku mbili, buku mbili, chagua mwenyewe. Nikavuta tisheti nyeupe iliyoanza kuwa njano, kifuani ina nembo ya Celtel na chini yake Africa Challenge.

Nikasimama nayo mkononi.

Waliokuwa sekondari au chuo miaka ile hawahitaji kuelezwa. Wanafunzi wanne kila upande, John Sibi-Okumu anauliza, mtu anabonyeza swali halijafika hata nusu, na sebuleni kwa jirani waliokaa chini ni wengi kuliko waliopata viti. Kipindi hicho cha maswali cha televisheni kilianza 2007, mwaka uleule kilipoanzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, huku kwetu, halafu 2008 Celtel, kampuni ya simu, ikabadili jina na kipindi kikawa Zain Africa Challenge, baadaye ikaja Airtel na yale maswali hatukuyaona tena. Kwa hiyo tisheti yenye jina la Celtel ni ya mwanzo mwanzo kabisa.

Nikakunjua kola kutafuta jina, si unajua bwenini tulivyokuwa tunaandika majina kwenye kola ili nguo isiondoke kambani. Hakuna kitu. Tundu dogo kwapani na doa la chai, basi.

Pembeni yangu kulikuwa na kijana fundi rangi, suruali yake yenyewe ilishamtambulisha. Akaniuliza, "Bosi, hiyo unachukua au unaangalia?" Nikamwambia bado naangalia. Akasema yeye anatafuta ya kazi, ana nyumba anaipaka Iyumbu, na pamba nzito kama ile inafyonza jasho vizuri. Nikampa. Akalipa, akaitupia begani, akaondoka zake.

Wiki zimepita na bado naifikiria.

Nilikuwa naitakia nini?

Hili ndo swali lililonikalia kichwani. Mimi sijawahi kukaa kwenye kile kiti na kubonyeza chochote. Kama ile tisheti ilivaliwa na mshindani basi sifa ni yake, na kama aligawiwa mtu wa jukwaani aje kupiga makofi basi hata sifa haipo, ni nguo tu. Halafu fundi rangi alikuwa na haja nayo ya kweli, mimi ningeenda kuitundika.

Lakini kila nikijiambia hivyo moyo unakataa. Kuna kitu pale nilikiona ambacho muuzaji hakukiona na fundi hakukiona, na sikuweza kukitaja jina. Nikaanza kusoma usiku, bando likiisha nanunua lingine, kuhusu zawadi za vipindi vya maswali vya televisheni, hasa vya Uingereza na Marekani maana huko watu wanazitafuta kwa udi na uvumba: vikombe, fulana, kalamu, michezo ya mezani ya miaka ya sitini yenye boksi lililochanika. Wengine wanalipa hela nyingi kwa kitu ambacho kilipotolewa mara ya kwanza kilikuwa cha bei ya chini sana.

Birika

Kuna kipindi cha Uingereza kinaitwa Countdown, cha herufi na namba. Ndicho kipindi cha kwanza kabisa kurushwa Channel 4 ilipofunguliwa tarehe 2 Novemba 1982, na mpaka leo kipo. Unapewa herufi tisa, saa kubwa ukutani inahesabu sekunde 30, unatafuta neno refu kuliko la mwenzako.

Unajua ukishinda unapewa nini?

Birika la chai. Tangu mwishoni mwa miaka ya tisini zawadi ya kujivunia ni birika lenye sura ya ile saa. Haliuzwi dukani, njia ya kulipata ni kushinda mechi. Kuna watu wana digrii mbili tatu, wana kazi nzuri, wanafanya mazoezi ya kamusi miezi na miezi kwa ajili ya birika.

Mwanzoni niliona ni mambo ya Waingereza na chai yao. Baadaye nikagundua huo ndo utamaduni wa vipindi vyao vingi. BBC inaendeshwa kwa ada wanayolipa wenye televisheni, na mwananchi hataki kuona ada yake inagawiwa mamilioni kwa mtu aliyejua mji mkuu wa nchi fulani, kwa hiyo zawadi zilibaki ndogo. Blankety Blank, ilianza 1979, waliofeli waliondoka na kijitabu cha hundi na kalamu, na hicho kijitabu hakilipi chochote benki yoyote. Upande wa ITV ya huko Uingereza kulikuwa na Blockbusters ya Bob Holness, ya vijana wa sekondari ya juu, kila jibu sahihi pauni 5, na kamusi yenye nembo ya kipindi.

Kamusi. Kwa mtoto wa shule aliyejua majibu. Mimi hiyo naipenda kuliko zote.

Na Mastermind ya BBC, ile ya kiti cheusi na taa moja, ilianza 1972. Aliyeibuni, Bill Wright, aliwahi kuwa mateka wakati wa Vita vya Pili na akahojiwa na Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, na yale mahojiano ndo yakageuka kipindi: mtu mmoja, kiti kimoja, taa usoni, jina, kazi, somo ulilochagua. Ukimaliza msimu mzima ukiwa bingwa unapewa bakuli la kioo lililochorwa kwa mkono. Hakuna hela. Mwaka 1980 bakuli likaenda kwa Fred Housego, dereva teksi wa London, na nchi nzima ikamjua. Mimi nikisoma hapo nawaza bodaboda wangu wa pale Nyerere Square ambaye akisubiri abiria anasoma gazeti mpaka matangazo ya zabuni, na ukimuuliza jambo lolote la Bunge anakujibu na mwaka.

Angepewa nini huyo? Na angekiweka wapi?

Boti

Sasa usidhani walikuwa watakatifu. Kulikuwa na Bullseye ya ITV hiyohiyo ya Uingereza, 1981 mpaka 1995, mchezo wa vishale na maswali, mmoja anarusha mwenzake anajibu, mtangazaji Jim Bowen. Zawadi kubwa mara nyingi ilikuwa boti ya mwendo kasi, na washindani wengi walikuwa watu wa kawaida wa miji ya ndani isiyo na bahari. Walioshindwa walifunguliwa pazia waione boti waliyoikosa, halafu wanarudi nyumbani na Bendy Bully, ng'ombe dume mdogo wa mpira anayepinda.

Boti zile nyingi ziliuzwa, utaiweka wapi. Ng'ombe wa mpira ndo wanatafutwa leo.

Hapo niliweka simu chini nikafikiri. Kitu cha thamani kiliondoka haraka kwa sababu kilikuwa na thamani, kina soko, kinageuka hela, hela inageuka bati na saruji na ada. Kile cha bure kikabaki kwa sababu hakuna aliyekitaka isipokuwa aliyekishinda. Marekani ni hivyohivyo, kwenye kipindi cha Wheel of Fortune mpaka miaka ya themanini mshindi alilazimika kuitumia hela yake kwenye duka lililokuwa palepale studio, makochi, saa, mbwa wa kauri mweupe mwenye madoa meusi, na zawadi nayo inatozwa kodi ya mapato kwa bei ya dukani, hadi wengine wanaikataa. Leo ukisema Wheel of Fortune ya zamani mtu anakumbuka mbwa wa kauri.

Hata Jeopardy!, kipindi kingine cha maswali cha huko, ilibadilisha sheria kwa sababu ya hela. Zamani kila mshindani aliondoka na alichopata. Ilivyorudi 1984 wakaamua mshindi peke yake ndiye anachukua fedha, maana zamani kuna waliokuwa wakishafikisha kiasi cha kununua kitu walichokitaka wanaacha kubonyeza. Wanasimama tu. Swali wanalijua lakini wameshatosheka.

Nililisoma hilo mara mbili mbili.

Majibu ya kupewa

Lakini kuna kitu kingine kilinitia shaka zaidi ya hela, na bila kukisema nitakuwa sijawatendea haki.

Miaka ya hamsini Marekani ilikuwa na homa ya vipindi vya maswali. 1955 ilianza The $64,000 Question, mdhamini wake Revlon, wenye rangi za midomo, na waliofika mbali wakakosa walifarijiwa kwa gari aina ya Cadillac. Mwaka uliofuata ikaja Twenty-One. Humo kulikuwa na Herbert Stempel, kijana wa maisha ya kawaida ambaye watayarishaji walimpa majibu ashinde, halafu watazamaji walipoanza kumchoka wakamwambia ashindwe. Akaambiwa akosee swali la filamu iliyopata Oscar, na jibu alilijua vizuri kabisa. Aliyechukua nafasi yake, Charles Van Doren, mwalimu wa chuo kikuu, mtanashati, akafikisha dola 129,000, akawa kipenzi cha taifa. Mwaka 1959 akakiri mbele ya kamati ya Bunge lao kwamba naye alikuwa anapewa majibu. 1960 wakatunga sheria kufanya udanganyifu wa aina hiyo kosa.

Sasa fikiria ana kitu ndani, kombe au picha au chochote, kutoka kwenye zile wiki. Anakitazamaje?

Mimi huruma yangu iko kwa Stempel. Van Doren alipewa sifa ya uongo na akaiishi, lakini Stempel alinyang'anywa jibu ambalo lilikuwa lake kweli, lipo kichwani, na akalazimika kukaa pale mbele ya mamilioni ya watu akajifanya hajui. Nadhani hapo ndo nilipoanza kuelewa nilichokiona kwenye ile tisheti. Kitu cha namna hii kinabeba ushahidi kwamba siku fulani, mbele za watu, mtu aliulizwa na akajua. Ushahidi ukiondoka inabaki pamba.

Chombo cha kale

Hapa ndo mawazo yangu yaligeuka kabisa.

Channel 4 walikuwa na kipindi kingine, Fifteen to One, 1988 mpaka 2003. Washindani 15 wamesimama nusu duara, kila mmoja ana nafasi tatu, mtangazaji William G. Stewart. Bingwa wa msimu alikuwa anapewa kitu cha kale cha kweli, cha Ugiriki au Roma ya zamani, cha miaka maelfu. Sio mfano wake. Chenyewe.

Fikiria chombo kilichofinyangwa na mtu wa kale, pengine kikazikwa na wafu wake, kikafukuliwa, kikapita sokoni mikono kadhaa, kikaishia kabatini kwa Mwingereza aliyejibu vizuri maswali ya historia. Na huyohuyo Stewart alikuwa mtetezi mkubwa wa kurudisha Ugiriki zile sanamu za Parthenon, hekalu la kale la Athens, zilizoko London, mpaka 2001 alitumia muda wa kipindi chake kuzitetea na mamlaka ya utangazaji ikasema amevunja kanuni ya kutoegemea upande.

Sikumwona mnafiki, hapana. Nilimwona ni mtu anayependa sana vitu vya kale, na mapenzi yale yanamvuta pande mbili. Sisi tunalielewa hilo, mifupa ya dinosaria wetu wa Tendaguru, Lindi, imesimama Berlin, inatunzwa vizuri mno, wanaitazama kwa upendo, na bado moyo unauma.

Basi nikajiuliza upya. Ningeinunua ile tisheti kwa buku mbili, ningeitunza, ningeifua kwa mkono, ningeandika habari zake humu. Na mwenyewe? Pengine yupo Mwanza, Morogoro, pengine kafariki na ndugu wamegawa nguo zake kama tunavyogawa. Mimi ningekuwa nimeshika sifa ya mtu nisiyemjua na kuipa jina langu, kwamba tisheti hii ni ya fulani, mkusanyaji wa Dodoma. Fundi rangi hakuchukua sifa ya mtu. Alichukua nguo.

Hundi ya mfano

Huku kwetu bara televisheni ilichelewa, ITV ya hapa Tanzania, sio ile ya Uingereza, ilianza 1994, wakati Zanzibar walikuwa nayo ya rangi tangu miaka ya sabini. Kwa hiyo wazee wetu chemsha bongo yao ilikuwa redioni, shuleni, kwenye mahafali. Zawadi zilikuwa daftari kubwa, kalamu, mkebe, ndoo. Kwenye mahafali bado ziko.

Lakini mashindano ya siku hizi zawadi inaingia kwenye simu. Vocha, au muamala, meseji inalia, hela imeingia, na kabla hujafika stendi imeshatoka. Silaumu, hela ni hela na nyumbani kuna njaa. Kinachobaki ni hundi ya mfano, lile bango kubwa la karatasi ngumu ambalo mshindi anashikishwa apigwe picha na viongozi. Na mara nyingi hata hilo halimfuati nyumbani, halienei kwenye basi.

Kwenye Who Wants to Be a Millionaire? ya Uingereza, Chris Tarrant alikuwa anaandika hundi, anamwonyesha mshindani, halafu kama anaendelea anairudisha mezani. Judith Keppel mwaka 2000 alifika pauni milioni moja kwa swali la Eleanor wa Aquitaine, mke wa mfalme Henry II. Hela ile mimi hainihusu, ila lile swali nalikumbuka, na wewe sasa hivi umeshalijua.

Maswali yetu sisi nani kayaandika? Vijana wetu waliokaa mbele ya Sibi-Okumu waliulizwa nini, wakajibu nini? Maktaba ya chuo yoyote ingeweza kutenga rafu moja: picha, tisheti, karatasi ya maswali, majina ya wanne. Hiyo haihitaji mfadhili.

Kamusi ya mama mkubwa

Nikaenda Kibaigwa kumsalimia mama mkubwa, na kwa kweli nilikuwa na langu. Kabatini kwake, nyuma ya vyombo vya wageni, kuna Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile ya TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ya 1981, kava limeshonwa kwa uzi wa gunia. Nimeiona tangu utoto. Sikuwahi kuuliza.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Huko mjini mnakula kweli?"

Nikamwomba kamusi. Ndani ukurasa wa kwanza kuna muhuri wa shule uliofifia, na mwandiko wa mwalimu mkuu: mshindi wa kwanza, chemsha bongo, na jina lake la usichana.

Nikamuuliza kwa heshima kabisa, akitokea mtu anayekusanya vitu kama hivi, atakubali kuiuza?

Akanitazama. "Kitabu nitamuuzia. Hilo jina hapo atalipeleka wapi?"

Sikuwa na jibu, na yeye hakulingoja. Akaanza kunisimulia. Ukumbi, vumbi, viti vya kuazima kutoka kanisani, wao wasichana watatu tu dhidi ya timu ya wavulana, na swali la mwisho lilikuwa ni mwaka gani uliamuliwa mji mkuu kuhamia Dodoma. Akajibu 1973. Wavulana wakacheka, maana wakati huo wao wanaona Dodoma ni upepo na mibuyu, mji mkuu gani, na mwalimu akapiga meza akasema amepata. Ikapita miaka zaidi ya thelathini, 2016 serikali ikaanza kuhamia kweli, na anasema siku aliyosikia taarifa ya habari alienda kabatini akaishika hiyo kamusi.

Nikamuuliza kama hilo swali ameliandika popote. Hakuwahi. Watoto wake hawalijui, wanajua mama alishinda kamusi, basi.

Akaniambia nilete kalamu. Nikaandika chini ya muhuri, swali na jibu, na yeye anasimamia kila neno, anasahihisha, sio hivyo, alisema "makao makuu". Nikamaliza nikataka kufunga kitabu akanishika mkono. Kulikuwa na swali lingine, la mlima wa pili kwa urefu Tanzania, akajibu Hanang kwa sababu ndio mlima aliokuwa akiupita kwenye basi akienda Babati, kumbe ni Meru.

"Na hilo liandike," akasema. "Uandike nilikosa, na uandike kwa nini."